Jiwe la Maji na Kitanda cha Majivu

Nilipokuwa mtoto wa umri ambao nyumbani kwetu Nyakatuntu ulihesabiwa kwa meno yaliyokwisha kung'oka, nami yangu yalikuwa sita, nilikwenda na Bibi kulala mlimani kukata nyasi za kuezekea nyumba. Ilikuwa kiangazi, miaka michache baada ya vita kuu ya pili kwisha. Nitalieleza tukio hili kwa kufuata mpangilio wake, kwa sababu nimegundua kwamba kila ninapolisimulia haraka haraka, wasikilizaji hucheka panapostahili kuchekwa, kisha huondoka kabla hatujafika mahali ambapo mimi mwenyewe bado nashangaa.

Paa la nyumba yetu lilikuwa limeoza upande mmoja. Baba, aliyekuwa kibarua katika machimbo ya bati, alituma habari kwamba angekuja kuezeka kabla ya mvua, na akaomba azikute nyasi zimekwisha kukatwa. Mama alikuwa na wiki mbili tu tangu ajifungue. Kwa hiyo kazi ilimwangukia Bibi, mama yake Baba, pamoja na Shangazi Paulina, binti yake wa mwisho, ambaye alikuwa amebatizwa mwaka uliotangulia na hakuacha mtu yeyote asahau jambo hilo. Mimi nilichukuliwa ili nichote maji. Mdogo wangu Mugisha, mwenye miaka mitatu, hakutakiwa kwenda. Kifua kilikuwa kikimbana tangu azaliwe; baridi ikimpata usiku, alipumua kwa mluzi mwembamba, na mara mbili kabla ya hapo tulikuwa tumekesha tukidhani hafiki asubuhi. Lakini tangu mtoto mchanga aingie nyumbani, Mugisha hakukubali kulala ila ubavuni mwa Bibi.

"Mama, baridi ya kule juu," Mama alimwambia Bibi siku ya kuondoka, huku amemshika Mugisha bega.

"Naijua. Nitakurudishia kama nilivyomchukua."

Maneno hayo, kama yote nitakayoyanukuu, yalisemwa kwa Kinyambo. Nayaleta kwa Kiswahili kadiri niwezavyo.

Mlimani hakukuwa na miti. Zilikuwako nyasi tu, ndefu kuliko mimi, zimekauka kiasi kwamba ukipita zinalia. Bibi alichagua mahali nyuma ya kichuguu, upepo usipofika. Walijenga kibanda kidogo kwa fito tulizobeba kutoka nyumbani, wakakifunika kwa nyasi hadi chini. Ndani walitandika majani makavu ya migomba, juu yake nyasi laini, juu yake tena rubugo, ile nguo ya gome la mti ambayo wazee bado waliithamini kuliko blanketi la dukani. Baada ya hapo Bibi alifyeka na kupalilia duara pana mbele ya kibanda mpaka pakabaki udongo mtupu, akachimba shimo katikati, akawasha moto humo. Ulikuwa moto mdogo wa mizizi na samadi kavu ya ng'ombe. Moto mkubwa katika mlima ule ungeteketeza nyasi zetu, kibanda chetu, na sisi wenyewe.

Hii ndiyo sababu joto la usiku lilitoka katika mawe. Jioni, chungu kikishaepuliwa, Bibi alipanga mawe katika makaa. Yakishapata moto wa kutosha aliyatoa kwa vijiti viwili, akayafunga kwa majani ya migomba na kipande cha rubugo chakavu, akaweka moja miguuni pa kila mtu. Kisha makaa yalifunikwa kwa majivu na udongo, tukalala.

Jioni ya kwanza Shangazi alileta jiwe la mviringo kutoka kwenye kijito kilichokuwa chini ya mlima, jeusi na laini kama yai. Bibi alilitupa mbali, hata hakulitazama mara mbili.

"Jiwe la maji lina mwenyewe," alisema. "Ukilitia motoni, mwenyewe huja kulichukua. Na haji kimya kimya."

"Basi aje na kuni," Shangazi alijibu, "maana zetu zinakwisha."

"Cheka tu. Padri wako hajawahi kulala hapa."

"Mama, maji yana Mungu peke yake."

"Huyo Mungu ndiye atakayekuepusha na huyo mwenyewe. Lete mawe ya juu hapa, yaliyozoea jua."

Nililala nikimfikiria mwenyewe wa mawe. Alikuwa na umbo gani? Angejuaje kwamba jiwe lake moja, kati ya maelfu, limo motoni? Angepanda mlima kwa miguu? Kati ya Bibi na Shangazi mmoja alikuwa amekosea, na mimi nilitaka sana kujua ni nani.

Hata hivyo si udadisi peke yake ulioniponza. Mawe ya mlimani yalikuwa mekundu na yenye pembe. Mugisha alilalamika kwamba jiwe linamuuma, akalipiga teke mpaka likatoka nje ya rubugo, na alfajiri tukamkuta miguu yake imekuwa baridi kama chura. Siku nzima alikohoa. Bibi alimfunga mgongoni akakata nyasi naye hivyo hivyo, na kila alipoinuka kupumzika alitega sikio kusikiliza pumzi yake.

Nilipoteremka kuchota maji mchana, mawe yale laini yalikuwa yamejaa kijitoni. Nilichukua mawili. Niliyafunga katika pindo la shuka, nikajiambia kwamba Mugisha hatalipiga teke jiwe lisilomuuma. Hilo lilikuwa kweli. Nilijiambia pia kwamba hatimaye nitajua. Nalo lilikuwa kweli.

Magharibi ilipokaribia, chungu cha maharagwe kikiwa motoni, Bibi na Shangazi walikuwa wakifunga matita ya mwisho. Niliyasukuma mawe yangu chini ya makaa kwa kijiti, nikarudi nyuma, nikaketi. Mugisha alikuwa amechuchumaa karibu na moto, akipasha mikono joto. Kilichonitisha baadaye, na kinachonitisha hata leo, ni kwamba Bibi alimwita kwa jambo lisilo na maana yoyote. "Njoo nikufute kamasi." Mtoto akaondoka kwa shingo upande.

Kwanza nilisikia mluzi mwembamba, mfano wa mtu aliye mbali anayeita mbwa. Shangazi aliinua kichwa. "Nani anapiga mluzi saa hizi?"

Kisha jiwe likalipuka.

Mlio wake ulikuwa kama wa bunduki. Chungu kilipasuka, maharagwe na mchuzi wake vikamwagika motoni, wingu la majivu likapanda, na makaa yakaruka pande zote hadi kwenye matita. Shangazi Paulina alimtaja Yesu, Maria, na babu yake mzaa baba kwa pumzi moja. Jiwe la pili likafuata. Bibi alimrusha Mugisha ndani ya kibanda, akavua kanga yake ya juu, akaanza kupiga cheche. Shangazi alimwaga maji ya vibuyu vyote viwili. Mimi nilikanyaga nyasi zilizokuwa zikifuka, nikilia, bila kuwa na hakika kama ninalia kwa kuungua au kwa kumsubiri mwenyewe wa mawe atokeze.

Tuliokoa nyasi isipokuwa matita manne. Lakini tulipomaliza hatukuwa na moto, wala maji, wala chakula, na giza lilikuwa limeingia. Upepo ulikuwa umegeuka na sasa ulivuma moja kwa moja pale tulipokuwa.

"Niwashe tena?" Shangazi aliuliza. Kiberiti alikuwa nacho.

"Katika upepo huu? Utuchome wote. Leo hakuna moto tena."

Hapo ndipo tulipomsikia Mugisha kutoka ndani ya kibanda. Kifua chake kilikuwa kimeanza kulia.

Bibi aliokota kipande cha jiwe, akakigeuza kiganjani. Upande mmoja kilikuwa cheusi na laini. "Hili limetoka wapi, Koku?"

"Kijitoni, Bibi."

"Ulinisikia jana?"

"Nilikusikia."

Nilingoja kipigo. Hakikuja, na kutokuja kwake kulinitisha zaidi. Bibi alikuwa amekwisha kunigeuzia mgongo. Alipiga magoti mbele ya shimo la moto, akaingiza mkono katika majivu yaliyolowa, akayapangua, akaweka kiganja juu ya udongo uliokuwa chini yake. Alikaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayepima homa. Kisha akachukua jembe. Aliondoa majivu na matope yote, akalirefusha shimo mpaka likawa na urefu wa mtu na kina cha kiganja, akautandaza udongo wa moto humo, akaufunika kwa udongo mkavu. Juu yake aliweka nyasi.

Shangazi alielewa kabla yangu. Sauti yake ilibadilika.

"Mama. Mahali pa moto?"

Nilipaswa kueleza mapema kwamba katika miiko yote ya Bibi hakuna aliousimamia kwa ukali kuliko huu: aliye hai halali pale moto ulipoketi. Akilala hapo, moto humhesabu kuwa ni kuni, na siku moja huja kumdai. Nyumbani hata paka alifukuzwa mekoni majivu yakiwa yamepoa.

"Mama, wewe mwenyewe ulitukataza. Sisi sote, tangu tukiwa wadogo."

"Niliwakataza, na bado nawakataza."

"Sasa?"

"Sasa msikilize mtoto anavyopumua."

Nilitazama kwa makini, kwa kuwa nilitaka kuona jinsi mtu anavyouvunja mwiko. Nilidhani angetema mate, au angegeuka mara tatu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alilala yeye kwanza, chali, katika ule mfereji, mgongo wake ukiwa juu ya nyasi, na kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumza na jirani aliye upande wa pili wa ua, akauambia udongo: "Ukitafuta kuni, iliyokauka ni hii. Mwingine usimhesabu."

Kisha akanyoosha mikono. "Mlete."

Shangazi alimweka Mugisha kifuani pake. Akawafunika kwa rubugo mbili, akapanga matita ya nyasi upande unakotoka upepo, akaja kulala ukingoni. Mimi nililazwa ukingo wa pili. Joto lilipenya hadi kwangu taratibu, joto la ubavu wa ng'ombe aliyelala. Mluzi wa kifua cha Mugisha ulidumu kwa muda, ukapungua, ukakatika; nikashtuka, nikatega sikio, nikasikia kwamba anakoroma. Bibi hakujigeuza hata mara moja. Nilijua kwa sababu kila nilipozinduka nilimkuta akitazama juu.

Asubuhi Mugisha aliamka akidai maharagwe ambayo hayakuwako. Bibi alishindwa kuinuka peke yake. Shangazi alipomshika mkono kumsaidia, nyasi ziliinuka pamoja naye, zimegandamana na mgongo, na tulipozibandua kwa maji ya kijito tuliona ngozi imevimba malengelenge kuanzia mabegani hadi kiunoni. Udongo ulikuwa wa moto mno. Angeweza kuongeza udongo mkavu, angeweza kusogea. Lakini kujigeuza kungemwamsha mtoto, na kuongeza udongo kungepunguza joto.

Shangazi alilia. Bibi, kinyume chake, alionekana kuridhika kwa namna ambayo sikuweza kuielewa.

"Moto umechukua chake," alisema. "Yamekwisha."

Jioni ile alimkabidhi Mama mtoto wake mlangoni, akasema tu kwamba nyasi zinatosha.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilijifunza kwa nini jiwe la maji hupasuka. Maji hujificha katika vitundu vyake vidogo. Yakipata moto hugeuka mvuke. Mvuke ukikosa pa kutokea, hulivunja. Maelezo yenyewe yalichukua dakika chache. Likizo ilipofika niliyapeleka kwa Bibi kama zawadi. Alikuwa mzee sana wakati huo, anamenya ndizi kwa kupapasa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe mwenyewe wa mawe mmekwisha kumpa jina," alisema.

Nilicheka, naye akacheka. Kisha nikamuuliza lile lililonikaa kwa miaka yote: usiku ule, je, aliamini kweli kwamba moto utamhesabu? Nilitumaini, nadhani, kwamba atasema hapana, kwamba miiko ilikuwa ya kututisha watoto, na kwamba hatari ilipokuja aliiweka kando kama mtu mwenye akili. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimewasimulia wenzangu chuoni.

"Wewe Koku," alisema, "ningekuwa siamini, ningetangulia kulala kwa sababu gani?"

Nilirudi chuoni na jibu hilo na sikujua pa kuliandika. Mvuke una mahali pake katika daftari. Lakini kuhusu mwanamke aliyeamini kwa moyo wote kwamba ardhi ile itamchukua, asiiache imani hiyo, asiibishie, bali aingie mwenyewe kati ya ardhi na mjukuu wake, sikupata somo lolote lililomzungumzia. Nilikuwa nimemsifu bure kwa kutokuamini.

Mugisha sasa ni mzee mwenye wajukuu. Hakumbuki chochote. Nilipomsimulia mwaka jana, aliuliza swali ambalo ningeliuliza mimi: udongo ulikuwa na joto kiasi gani hasa? Kwangu mimi pale ukingoni ulikuwa vuguvugu tu, na kwake yeye ulikuwa usingizi. Aliyeujua alikuwa chini yetu, macho wazi, hakusema.