Simu ya Bweni la Westville

Nilipokuwa mwanafunzi Westville, Durban, nilikaa chumba kimoja na Mpalestina. Adhuhuri moja mwaka wa tisini na saba, redio ilitangaza kuwa bomu limeua watu sokoni Yerusalemu. Kaka yake alikuwa mpishi karibu na soko hilo.

Tulikimbilia simu ya bweni, tukamkuta msichana Myahudi tuliyesoma naye akimpigia shangazi yake huko huko. Shangazi hakupokea. Msichana akampisha mwenzangu bila kumtazama. Kaka alipokea, alikuwa mzima. Mwenzangu alicheka kwa furaha. Msichana alimsikia, akaondoka.

Kesho yake tukaambiwa shangazi amekufa. Nilimsindikiza mwenzangu kutoa pole. Msichana alifungua mlango.

"Kaka yako hajambo?"

"Hajambo."

"Afadhali," alisema, akaufunga taratibu.