Vyumba Vilivyoachana na Mkaa

Tulinagwe na marehemu mumewe walifyatua matofali yao wenyewe, wakayachoma wenyewe, na kwa matofali hayo wakajenga vyumba sita vya kupangisha pale Tunduma, kimoja baada ya kingine, kadiri biashara ya mahindi ilivyoruhusu. Alizaliwa milimani Ileje, karibu na Isongole, akaja mpakani mwa Zambia akiwa bibi harusi, na hapo akabaki. Mtaani walimwita Mama Angel, kwa jina la bintiye wa pekee aliyeolewa Mbozi.

Vyumba vile vilikuwa imara, ila baridi yake usiulize. Juu bati, dari hakuna, na kati ya ukuta na bati upepo ulipita kama vile nao umelipa kodi. Ikifika Juni na Julai, wapangaji walipikia mkaa kibarazani, kisha wakaliingiza jiko ndani wapate joto. Kila mtu alifanya hivyo. Tulinagwe mwenyewe alifanya hivyo.

Asubuhi moja Nesta, mpangaji wa chumba cha mwisho aliyekuwa akiuza vitenge, hakufungua mlango. Tulinagwe akagonga, akaita, mwisho akausukuma mlango kwa bega hadi kitasa kikang'oka. Jiko lilikuwa bado na makaa, hewa nzito, na Nesta amelala hajitambui. Walimbeba hadi nje, wakampakia kwenye bajaji, mbio hospitalini. Mungu mwema, alipona. Lakini daktari alimwambia Tulinagwe neno lililomchoma: mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na binti yule angechelewa kidogo tu, sasa hivi wangekuwa wanachimba kaburi.

Akarudi nyumbani na amri moja: ni marufuku kuingiza jiko la mkaa ndani. Amri ilikuwa nzuri, ila baridi haijui amri. Rozi, mpangaji mwingine, mama lishe aliyewapikia madereva wa malori, akamwambia usoni, "Mama Angel, moto umetunyang'anya. Umetupa nini badala yake?"

Tulinagwe akalipeleka swali hilo kwenye mkutano wa mtaa. Akasimama akasema nyumba zetu zinakaribia kuua watu, na anayejua dawa aitaje. Wenye nyumba wenzake wakainama wakatazama viatu vyao. Kule nyuma akainuka mwanamume mwembamba mwenye kofia ya sufu. Alikuwa Gwalugano, mwalimu wa ujenzi katika chuo kimoja cha ufundi, aliyekuja kutangaza nafasi za masomo.

"Shikamoo mama. Mimi nina darasa zima linalojifunza kuweka dari, kuziba nyufa na kufunga umeme. Wanajifunzia kwenye kibanda cha mazoezi. Wakimaliza wanabomoa, wanaanza upya. Wanafunzi ninao, nyumba ya kweli sina. Wewe nyumba unazo, mafundi huna."

"Marahaba. Kwa hiyo unataka watoto wako wajifunzie kwenye vyumba vyangu?"

"Ndiyo, mama."

"Wakiharibu?"

"Watatengeneza wenyewe, na mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo."

Tulinagwe alicheka hadi akashika ukuta. "Basi waje! Hata kesho waje!"

Hawakuja kesho, maana chuo kina taratibu zake, lakini walikubaliana: chuo kilete wanafunzi, walimu na zana, yeye anunue mbao na vifaa, awapikie chakula cha mchana, na asiwapandishie wapangaji kodi kwa sababu ya dari mpya. Jirani yake Rubeni, naye mwenye nyumba, akamcheka waziwazi. "Umegeuza nyumba yako darasa la chekechea," alisema.

Siku ilipofika, Tulinagwe alikuwa amekwisha kufagia uwanja kabla jogoo hajamaliza kuwika. Kenta, lori dogo la chuo, ikaingia imejaa vijana wanaoimba, ngazi zimening'inia nyuma, na juu ya ngazi viroba vya pumba za mpunga kutoka mashine za kukoboa za Momba.

"Mwalimu, hizi si za kuku?" akauliza.

"Leo ni blanketi la nyumba," Gwalugano akamjibu. Akamweleza kwamba watazichanganya na chokaa, zisishike moto kirahisi wala kuliwa na wadudu, kisha watazitandaza juu ya dari ili joto lisitoroke kupitia bati.

Tulinagwe alitaka kuona kila kitu. Akapanda ngazi. Wanafunzi wakamshikia wakimsihi ashuke, yeye akawa anauliza msumari huu unakwenda wapi, na ule kwa nini umepinda. Walianza na chumba cha Nesta. Walipokimaliza, mwanafunzi mmoja aitwaye Yunisi akatundika kipimajoto humo ndani, na kingine akakitundika chumba cha jirani ambacho hakijaguswa. Kesho yake asubuhi Tulinagwe alitoka chumba hiki akaingia kile, akarudi, akaingia tena, miwani puani.

"Kimepanda! Huku kimepanda! Nesta, njoo uone, chumba chako kina joto na hakuna hata kaa moja!"

Nesta akaja amejifunga kitenge kiunoni, akasimama katikati ya chumba, akafumba macho. Kisha akamkumbatia mama mwenye nyumba wake, na wote wawili wakaanza kurukaruka kama watoto.

Likabaki suala la kupika. Chuo kilileta majiko ya presha ya umeme ya majaribio, na kila chumba kikafungiwa mita yake ndogo, wasije wakagombania malipo ya luku. Rozi hakushawishika. Alikuwa amepika maharage kwa mkaa tangu usichana wake, na hakuona kisufuria chenye waya kitamfundisha nini.

"Tushindane," akasema.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Maharage yalikuwa ya gunia moja, yamegawanywa sawa mbele ya watu. Rozi akapuliza mkaa wake, Yunisi akabonyeza kitufe chake. Nusu ya watu wakamshangilia Rozi, nusu wakamshangilia Yunisi, na dereva mmoja Mzambia akawa anawashangilia wote, ilimradi ale. Sufuria ya Rozi ilikuwa inatokota vizuri, mara paa! Umeme ukakatika.

Rubeni akapiga makofi. "Haya, umeme wenu huo!"

Tulinagwe akageuka haraka. Akamtazama Yunisi, akakuta anatabasamu.

"Msiguse kifuniko," Yunisi akasema. "Jiko hili limeshapata joto lake, na lina kuta nene. Litaendelea kuivisha."

Wakasubiri. Rozi akaongeza mkaa, moshi ukamwingia machoni, akafuta kwa kanga. Hatimaye Yunisi akatoa mvuke, akafungua, akachukua harage moja kwa kijiko akampa Rozi mwenyewe aonje. Watu wakasogea karibu. Rozi akalibonyeza kwa ulimi, akatafuna taratibu, akainua mikono yote miwili.

"Limeiva! Jamani, limeiva na umeme haupo!"

Kelele zilizolipuka hapo ziliwatoa watu madukani. Yule Mzambia akapewa sahani ya kwanza, akala, akashukuru kwa Kibemba, "Natotela sana!" akaomba ya pili. Maharage ya mkaa yaliiva baadaye, nayo yakaliwa, maana hakuna aliyekuja kuona chakula kikimwagwa.

Rozi alinunua jiko lake kwa kulipa kidogo kidogo, akawa wa kwanza kuwaambia mama lishe wenzake kwamba sasa anasuka nywele za jirani huku maharage yanajipika. Vyumba vyote sita vilipata dari kabla ya mvua. Wenye nyumba wakaanza kuja mmoja mmoja, wakijifanya wanapita tu, wakiomba kuchungulia juu. Mwishowe wakaunda umoja wao wakatia saini na chuo: kila muhula darasa jipya litapewa nyumba kadhaa za kufanyia kazi. Tulinagwe wakamchagua mwenyekiti, hata kura hazikupigwa.

Muhula uliofuata waliingia vijana wapya, wengine kutoka Chitete, wengine kutoka Ivuna kunakotoka chumvi. Gwalugano aliwaleta moja kwa moja nyumbani kwa Rubeni, aliyekuwa ameomba awe wa kwanza. Walimkuta Tulinagwe ameshatangulia, amejifunga kitambaa kichwani, anamwonyesha Rubeni mahali pa kuegemeza ngazi.