Noti Moja kwenye Karatasi ya Baba

Juzi mjukuu wangu, mpiga tarumbeta wa usharika wetu hapa Korogwe, alinionyesha chapa mpya ya wimbo wanaojifunza. Chini waliandika kwamba noti moja ya tarumbeta ya pili ilikosewa katika chapa ya zamani. Namshukuru Mungu kwa kunifikisha siku ya kulijua hilo, ingawa Baba ameshalala kaburini.

Nilipokuwa mtoto, Baba ndiye aliyepiga tarumbeta ya pili katika wimbo huohuo. Mchana wa mashindano ya bendi za sharika, uwanja wa kanisa la Mnyuzi ulinukia vumbi na majivu ya kung'arishia shaba. Baba alipoifikia noti ile, sauti ilitoka kama ya mbuzi aliyekanyagwa. Watu wakacheka, na usharika wetu ukashindwa.

"Umetuaibisha, mzee," mwalimu wa bendi alimwambia.

"Nimepiga kilichoandikwa, Mwalimu."

"Basi karatasi ndiyo imekosea? Hebu acha!"

Nilimwamini mwalimu. Kwa mtoto kama mimi, karatasi ya kanisani haikuweza kukosea.

Njiani kurudi, Baba alisimama mara kwa mara, akaitazama karatasi, akaipiga tena noti ileile polepole, akitafuta kosa lake. Nilitembea mbali nyuma yake, watu wasijue kuwa ni baba yangu.