Jina Nililookotwa Nalo Jaani

Juzi nilikuwa sokoni Sirari nikichagua dagaa, mama mmoja akaita nyuma yangu, "Awiti! Awiti, bi ka!" yaani njoo hapa kwa Kijaluo. Nikageuka na kuitika "Abee" kabla sijafikiri. Kumbe alikuwa akimwita binti yake. Mtoto alinitazama akacheka, nami nikacheka kuficha aibu, lakini dagaa wangu niliwasahau palepale mezani.

Wewe unanijua kwa jina la ubatizo, kama wote wanijuao leo. Lile lingine hakuna aliyeniita nalo tangu miaka ya hamsini, kule Gorong'a, nilikozaliwa baada ya kaka zangu wawili kufa wachanga. Bibi mzaa baba, Mkurya wa kusema neno moja likatosha, hakungoja msiba wa tatu. Alivuka kijito hadi kwa mama mfinyanzi, Mjaluo aliyetuuzia vyungu, wakapatana. Asubuhi bibi akanilaza jaani, juu ya majivu na maganda ya mihogo, akaondoka bila kugeuka nyuma. Mfinyanzi akajifanya mpita njia, akaniokota, akapaza sauti kwamba ameona mtoto aliyetupwa. Akaniita Awiti, jina ambalo kwa lugha yao lina maana hiyo hiyo, aliyetupwa, kisha akanikabidhi kwa mama yangu amsaidie kulea mtoto wa watu. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa mama yangu, kikute hayupo.

Nikaishi. Kila alipokuja mfinyanzi na vyungu vyake vinavyonuka moshi, aliniita Awiti nyathina, mwanangu, akanitilia karanga kiganjani. Bibi naye, wageni wakimuuliza, alilieleza jina lile kwa Kikurya huku akijisifu: huyu kifo kilishamkataa. Nilikua nikiamini hakuna mtoto mwenye jina zuri kuliko langu.

Kisha nikaanza shule. Mwalimu wetu, mgeni kutoka Tabora, alituuliza siku moja maana ya majina yetu. Nikasimama kwa fahari nikaeleza. Akaandika ubaoni kwa Kiswahili safi: Aliyetupwa. Hakuwa mtu mbaya, alitaka tujue lugha. Lakini kufika mapumziko nilikuwa Takataka, na Takataka nikabaki. Hata mmisionari aliyetutembelea, alipotafsiriwa jina langu kwa Kiingereza, alinishika kichwa na kunisikitikia. Huruma yake iliniuma kuliko vicheko vya wenzangu.

Mwaka uleule mama akajifungua mtoto wa kiume. Kwa kuwa wavulana ndio waliokuwa wakifa, bibi alikwisha kupatana tena na mfinyanzi. Nikamng'ang'ania mama, nikalia mpaka sauti ikakauka: asitupwe, asiitwe kama mimi! Baba, aliyekuwa ameanza kusali, akasema mambo ya jaani sasa basi. Bibi aliweka chini kibuyu cha maziwa, akanitazama mimi, si baba.

"Haya," akasema. "Umemchagulia wewe."

Aliitwa Baraka. Jina nililichagua mimi. Alikuwa mnene, mcheshi, na nilimbeba mgongoni nikifukuza ndege kwenye ulezi, nikimwita kwa sauti ili shamba zima lisikie. Surua ilipopita kijijini, kabla hatujavuna, ilimchukua kwa siku nne.

Mfinyanzi alikuja mazishini, udongo ungali umekauka kwenye kucha zake. Akakaa karibu nami, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Ile asubuhi mimi nilikuja, Awiti. Hakuna mtu aliniambia wameacha. Nikangoja pale njiani mpaka jua ikawa kali." Hakunilaumu. Akainuka, akavuka kijito, na vyungu vyake tangu hapo alivipeleka kwa wengine.

Mwaka uliofuata nilibatizwa, nikaomba niitwe jina jipya tu, na watu wakakubali upesi kuliko nilivyotarajia.

Wanangu wote niliwapeleka kuchanjwa. Nesi alinieleza kwamba surua haiulizi mtu jina, nami nilimwelewa vizuri kabisa. Bibi hayupo, mfinyanzi hayupo, na jaa letu sasa ni shamba la maharage la watu nisiowajua. Nilichoelezwa na nesi nakiamini mpaka leo. Lakini bado namwona yule mama mfinyanzi amesimama njiani, kanga ya kumfungia mtoto iko begani, akilitazama jaa ambalo halina mtu.