Niliuita Udongo

Mwenye kosa ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, na kujitetea kumenichosha.

Nyumbani kwetu ni Daudi, Mbulu. Nasoma kemia chuoni, shahada ya pili. Nilikuwa natengeneza unga wa kusafisha maji yenye dawa za mazao. Unautia majini, unayaacha juani, na jua linaupa nguvu ya kuivunjavunja ile dawa. Kila chembe ina chuma ndani, kwa hiyo kazi ikiisha unapitisha sumaku, unga unatoka, unautumia tena. Usipotoka, mnyama ataunywa. Jamani, hiyo sumaku ndiyo ilikuwa utafiti wenyewe!

Mjomba wangu analima vitunguu swaumu Bashay. Maji ya kuoshea pampu ya dawa alikuwa anayamwaga mtaroni, yanateremka hadi kwenye kijito. Nilipomweleza habari za unga wangu akajenga karo la saruji kwa mikono yake, akawaita majirani waje waone. Siku ikapangwa.

Unga ule huokwa kwenye tanuru. Siku mbili kabla ya safari niliuacha humo nikaenda kusuka nywele. Eti nisionekane ovyo mbele za watu! Niliporudi, moto ulikuwa umezidi. Unga ulioingia mweusi ulitoka mwekundu. Chuma kikishakuwa hivyo sumaku haikivuti tena, na mimi nilijua kabisa.

Ningepiga simu. "Mjomba, nimeunguza, tusogeze siku." Maneno manne tu!

Sikupiga. Nilibeba ule mwekundu, juu yake nikatia kijiko kimoja cha unga mweusi wa zamani. Kule shambani nikaumwaga wote karoni, nikazamisha sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, ikaibuka imeota manyoya meusi. Majirani wakapiga makofi. Mjomba alicheka mpaka akashika kiuno.

Siku tatu za jua zikapita, maji bado mekundu. Nilipitisha sumaku tena na tena kila mjomba alipogeuka, ikawa inatoka tupu. Mwishowe akaja akainama juu ya karo.

"Mama, mbona mekundu?" Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Ni udongo tu, mjomba. Si unaujua udongo wetu?"

Ulimi wangu huu! Bashay viatu vyekundu, mbwa mwekundu, hata shuka zilizoanikwa nyekundu. Nani angebisha?

"Kwa hiyo nimpe ng'ombe?"

"Mpe."

Na ng'ombe mwenyewe hakuwa wake! Kwetu mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake mmoja amtunze. Anayetunza anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye mali. Huyu alikuwa wa mzee mmoja wa Tumati. Alikuwa na mimba, na bado anakamwa, na wajukuu wawili wa mjomba walikuwa wanakunywa maziwa yake kila asubuhi.

Wiki hiyohiyo ng'ombe akatupa mimba.

Ni unga wangu? Ni dawa ambayo haikuvunjika? Ni ugonjwa wake tu? Sijui! Niliposikia, nikiwa nimesharudi chuoni, nilikimbilia Bashay, nikazibua karo, nikayaachia maji yote. Mtaroni! Kulekule tulikosema hayatakwenda tena. Ningechota kidogo nikapima, leo ningejua. Siku ile sikutaka kujua. Sasa nataka na huku naogopa, na sikai nikatulia. Naosha vyombo vya maabara vilivyokwisha kuoshwa, nasoma ukurasa mmoja mara tano.

Mzee wa Tumati alikuja nami nipo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwekea chai.

"Alikula nini huyu mnyama?" akauliza.

Mjomba hakulitazama karo. Hakunitazama hata mimi. "Nilimpiga mimi, mzee. Aliingia kwenye vitunguu, nikamrushia gongo. Kosa ni langu."

Uongo! Mjomba hajawahi kumwinulia ng'ombe hata fimbo! Mzee akaomba kamba. Akaondoka na ng'ombe wake, na watoto wakasimama mlangoni wakiangalia. Nilipaswa kusema palepale. Nilikusanya vikombe.

Jikoni nikamuuliza, "Mjomba, kwa nini umesema hivyo?"

"Wewe unamalizia masomo, mama." Akanawa mikono taratibu. "Ila ile sumaku uliyoiacha nimeipitisha kwenye udongo wa shamba, ikanasa vichembe. Nikaipitisha kwenye ule wa karo, haikunasa kitu. Ule si udongo." Akaifuta mikono kwenye suruali. "Nilichota chupa moja kabla hujaja kumwaga. Nimeihifadhi. Ukiwa tayari, njoo uichukue ukapime."

Hakunikemea. Afadhali angenichapa!

Nimekwenda Bashay mara mbili tangu siku hiyo. Chupa iko dirishani, wekundu umetulia chini. Watoto wanakunywa chai ya rangi na kuniuliza ng'ombe wao anarudi lini. Mara zote mbili nimeaga nikaondoka bila kuigusa. Jumamosi nakwenda tena, na nimeandika hapa ili nione aibu kurudi mikono mitupu. Tumati nitafika pia, nimwambie mzee ukweli.

Wewe unayesoma, kama kuna kitu kimekuharibikia na watu wanakusubiri, usikipe jina lingine. Piga simu leo, kabla hawajamnywesha ng'ombe wa mtu.