Rafu ya Setilaiti na Kadi Namba 412

Maktabani kwetu mfanyakazi mwenzetu mmoja tulimwita Mama Setilaiti, na utani huo niliuanzisha mimi, Mungu anisamehe. Mtoto hakuwa naye. Alichokuwa nacho ni rafu moja, ya mwisho kabisa karibu na choo, yenye kila walichowahi kutunga watu kuhusu setilaiti za ujasusi: riwaya, vitabu vya watoto vya picha, santuri za nyimbo kuhusu jicho lililoko angani, na setilaiti za plastiki za kuchezea zenye mabawa ya rangi ya fedha. Vyote viliruhusiwa kuazimwa, maana maktaba yetu huazimisha chochote kinachobebeka.

Asili ya mapenzi hayo alinieleza siku moja tukibandika lebo. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Kabla ya safari yake ya mwisho alimtengenezea setilaiti ya kopo la maziwa na mabawa ya boksi, akaitundika dirishani, akamwambia, "Hii inakuona. Popote nitakapokuwa nitajua umekula au hujala." Baba hakurudi. Binti akawa anakula mbele ya dirisha kila siku, sahani ameiinua kidogo ionekane. Hata hapa kazini chakula cha mchana hula kwenye dirisha la mbele, karibu na mlango.

"Wenzangu wanaziogopa hizi mashine, hawataki kuonwa," aliniambia. "Mimi natamani hata moja inikodolee macho."

Akacheka. Mimi nikaomba gundi.

Sasa, tulikuwa na sheria: kitu kisichoazimwa kwa miaka miwili hupigwa mhuri wa IMEONDOLEWA na kwenda kusagwa. Na rafu ile haikuwa na wateja. Zilipoondolewa riwaya tatu za kwanza, alizisindikiza hadi kwenye mkokoteni kama anayesindikiza jeneza, kisha akajifungia stoo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi.

Wiki iliyofuata kadi namba 412 ikaanza kuazima. Kitu kimoja kila baada ya siku kumi na nne, kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia. Mama Setilaiti aliikuta namba hiyo kwenye karatasi ya mihuri ndani ya jalada, uso ukamng'aa. Majina ya wenye kadi yako kwenye daftari langu la kaunta, nalo hufungwa kwa ufunguo, kwa sababu anachosoma mtu ni siri yake. Hakuniuliza hata siku moja. Mpenzi mkubwa wa majasusi, lakini kuchungulia daftari hawezi!

Badala yake akaanza kumwandikia mwenye kadi. Kila kitu kilichofikiwa na zamu alikitilia kikaratasi. Vitabu vilirudi safi, kikaratasi hakimo, jibu hakuna.

"Ana haya," alisema. "Wako watu wa hivyo. Lakini ni msomaji makini, haruki kitu."

Safari moja setilaiti ya plastiki iliyovunjika bawa ilirudi bawa limeungwa kwa waya mwembamba, kazi ya mtu mwenye subira. Kesho yake Mama Setilaiti alikuja kazini na nguo mpya.

Mimi nilimjua mwenye 412. Alikuwa mlinzi wetu wa mlangoni, mzee mpole, aliyemwona siku ile akitoka stoo. Kusoma hakujua. Alinijia kaunta akaniuliza mtu afanye nini vitu vya dada visitupwe. Nikamwambia viazimwe.

"Niandike basi," akasema. "Ila asijue. Ataona namhurumia."

Nikaahidi. Miaka miwili na nusu nilifyata ulimi huku yule mama akizungumza na mtu ambaye hayupo. Kila nilipotaka kusema, niliona tabasamu lake nikaogopa kuwa mimi ndiye nitakayelizima. Watu wangeniita mtunza siri. Nilikuwa mwoga tu.

Mwezi uliopita mlinzi alistaafu. Mwanawe alikuwa aje kumchukua saa sita mchana, akaishi naye mbali huko. Robo saa kabla ya hapo, amevaa koti badala ya sare, alikwenda moja kwa moja kwenye ile rafu na kadi yake na bahasha nene ya kaki. Nilimfuata.

"Dada, mwenye kadi hii ni mimi," alisema. "Nikiondoka hakuna wa kuviazima. Nimeona nikwambie, utafute mtu mapema."

Mama Setilaiti aliitazama namba. "Ni wewe? Na kile kitabu cha rubani aliyepotea, ulikipenda?"

"Sikukisoma, dada. Herufi sizijui. Nilikuwa naviweka juu ya kabati, siku zikitimia navirudisha. Lile bawa ndilo nililoliweza." Akamkabidhi bahasha. "Na hivi vilikuwa ndani. Vimeandikwa kwa mkono, nikaona si vya kutupa."

Vilikuwa vikaratasi sitini na tatu, vimepangwa vizuri. Mama Setilaiti akakaa kwenye ile ngazi fupi ya kufikia rafu za juu. Sijawahi kuona mtu akiachwa peke yake namna ile, na watu wawili wamesimama mbele yake.

"Hata kimoja hukusomewa?"

"Ningempa nani anisomee? Mambo ya mtu hayo."

Akavaa miwani, akachukua kilichokuwa juu, akasoma kwa sauti. "Habari yako, msomaji. Mimi ndiye mtunza rafu hii. U mzima huko uliko?"

Mlinzi akavua kofia.

"Mzima, dada. Ila wewe jana pale dirishani sikukuona ukila."

Nje honi ikalia. Mama Setilaiti akafuta miwani kwa ncha ya nguo yake, akachukua kikaratasi cha pili, akaanza kukisoma haraka haraka.