Sumaku ya Mzee Ndambuki

Mzee Ndambuki wa Bongwe hununua vyuma chakavu, na kwake hakuna ubishi usiomalizwa na sumaku. Sarafu za siku hizi huzidharau. "Wamebana matumizi hawa," huwaambia wateja, akizinasa kwa sumaku watu wacheke. "Hiki ni chuma kilichopakwa rangi ya fedha tu." Za zamani, ambazo sumaku haizishiki, huziweka kwenye kopo. Hizo ndizo pesa, husema. Ujuzi anao, siwezi kumnyima, ila mdomo nao anao.

Jumanne asubuhi mjukuu wake Nthambi, mwenye miaka mitano, alimjia akiwa ameshika koo. Mate yalikuwa yanamtoka.

"Babu, nimemeza pesa."

Mtu mwingine angekimbia. Yeye alichukua sumaku kubwa ya spika, akaipitisha shingoni mwa mtoto taratibu. Haikuvuta kitu.

"Hamna kitu humo. Unadanganya ili usiende shule."

Mtoto akalia. Bibi yake, Kavindu, akampa maji, yakarudi kupitia puani.

"Baba Mbithi, mtoto hamezi," alimwambia mumewe.

"Sumaku haisemi uongo."

Walibishana hivyo hadi Nthambi akaanza kukoroma akiwa macho. Hapo Kavindu hakuomba ruhusa. Alimbeba mtoto, akamwita jirani yao Swabir, mwenye tuktuk.

"Shikamoo mama. Ingia, twende."

Ndambuki alijipakia nyuma, bado anabisha. Walipokwisha kushika barabara ya Msambweni, ndipo alipolikumbuka lile kopo, na jinsi Nthambi alivyopenda kulichezea. Sumaku haikuwa imesema kooni hamna sarafu. Ilikuwa imesema hamna sarafu mpya. Kavindu alikuwa amemwinamisha mtoto, akihesabu pumzi zake kwa kunong'ona, na kila pumzi ilichelewa kuliko iliyotangulia.

Hospitalini walimpiga picha. Duara lilionekana wazi kooni, na mtoto akakimbizwa ndani. Mzee alikaa sakafuni nje ya mlango, hataki kiti. Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile asiyesikia alikuwa mkuu mwenyewe, na guu lilikuwa la mtoto.

Daktari alitoka. "Imetoka. Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine."

Nthambi alipoamka, babu aliinama amshike mkono. Mtoto aliuchomoa, akamgeukia Kavindu, sauti imekauka.

"Bibi, mwambie babu sikudanganya."